Jezi Kwenye Meza ya Mnada

Meneja wa masoko wa kampuni ya maziwa alisoma andiko langu la kuomba udhamini wa misimu miwili mpaka ukurasa wa tatu, akalifunga. Lilikuwa na kurasa ishirini na mbili. Kichwa chake peke yake nilikuwa nimekibadilisha mara saba.

"Dada," akasema, "kila timu inaniletea idadi ya mashabiki na mahali nembo yangu itakapokaa. Wewe umeandika jamii, jamii, jamii. Hiyo jamii iko wapi? Nataka kuiona."

Mdomo ukajibu kabla sijafikiri: "Jumapili, Machame."

Timu yetu ya Moshi ilikuwa imepanda daraja, na mdhamini wetu wa zamani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amejitoa. Bila mdhamini mpya tusingeweza kugharamia safari za ugenini, na timu isiyofika uwanjani inashushwa. Mimi ndiye niliyekuwa afisa masoko, mwenye shahada na mkataba wa majaribio uliobakiza wiki tano. Kocha hakuacha kunikumbusha. "Madam Nembo," alikuwa akiniita tukipishana mlangoni, "vipi, tukutegemee au tuanze kutafuta kazi ya kuongoza watalii?"

Nilichagua Machame kwa sababu mama alizaliwa huko, na dada yake, mama yangu mkubwa, bado anaishi kwenye kihamba cha babu, shamba la ukoo, na ng'ombe wake watatu nyuma ya migomba. Tena pakiti za kampuni ile zina picha ya mlima na ng'ombe. Niliona mambo yanajipanga yenyewe. Pale usharikani, kila Jumapili baada ya ibada, kunakuwa na mnada wa sadaka. Aliyekuja na mkungu wa ndizi, kuku au mayai, kitu chake kinawekwa kwenye meza nje ya kanisa na kuuzwa papo hapo. Yai moja linaweza kuuzwa mara nne, kwa sababu kila anayelinunua analirudisha mezani liuzwe tena. Mimi ningetoa jezi mpya yenye nembo ya kampuni na saini za wachezaji. Watu wangeigombea, meneja angeona.

Niliwaza kila kitu kinachoweza kuharibika. Mvua. Spika. Wachezaji kuja na kaptula. Nahodha wetu, kipa, ni Mwislamu wa mtaa wa Pasua, na nilimuuliza mara tatu kama yeye na wenzake wataona vibaya kwenda kwenye mnada wa kanisa.

"Madam, jirani yangu ni mwinjilisti. Pilau ya Krismasi nimekula kwake mara nyingi kuliko wewe," akasema. "Tutakaa nje mpaka ibada iishe, halafu tutakuwa pale mezani. Wewe mwenyewe umekula leo?"

Sikuwa nimekula.

Jambo ambalo sikuliwaza hata kidogo ni kumuuliza mama mkubwa maziwa yake anauza wapi. Nilimpigia simu kumwambia nakuja na wageni, tukaongea habari za ndizi za kupika, basi.

Jumapili ile nilimkuta mlangoni mwa kanisa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi?"

Nikafungua mfuko nimwonyeshe jezi. Aligusa kitambaa chake, akatabasamu, kisha jicho lake likatua kwenye nembo. Tabasamu likaisha.

"Hawa ndio wageni wako?"

"Ndiyo. Meneja wao ameshafika, yule mwenye koti la bluu."

"Tangu masika yabomoe barabara pale mferejini, gari lao halijapanda huku. Hawakusema haliji. Tulisimama njia panda asubuhi tatu na maziwa yetu, yakachachuka tukiyaangalia. Barabara tukaitengeneza wenyewe, kwa majembe, lakini wapi. Sasa tunawauzia vijana wa bodaboda kwa bei wanayotaka wao." Akanirudishia mfuko. "Wewe umesoma. Hukuuliza?"

Kengele ikalia. Nikaingia na kukaa benchi la nyuma ya meneja, nikitazama kisogo chake. Nilikuwa na ibada nzima ya kuamua. Nikimwambia sasa, ataona nimemleta kwenye mtego, ataondoka kabla ya mahubiri. Nisipomwambia, labda watu hawataijali nembo. Labda mama mkubwa peke yake ndiye mwenye kinyongo. Nikahesabu vilemba vya akina mama waliokuwa mbele yangu na kujiuliza ni wangapi wanafuga. Machame! Nani hafugi? Bendi ya tarumbeta ilipopiga nilisimama na wenzangu, nikakaa wakikaa, na sikumbuki neno hata moja la mahubiri. Kwenye sala ya mwisho niliinama mbele, nikasogeza mdomo karibu na sikio lake. Kisha nikarudi nyuma.

Nje, mzee wa kanisa anayeendesha mnada alianza na mkungu wa ndizi. Ni mtu wa maneno, anajua kila aliye bahili.

"Mjomba, mbona mkono uko mfukoni? Umeshikilia nini humo, kinyonga?"

Watu wakacheka, mkungu ukaenda. Jogoo akaenda. Yai likauzwa, likarudi, likauzwa tena. Meneja naye alinunua chupa ya asali na kupigiwa makofi, akanigeukia akitabasamu.

"Haya! Sasa kitu kigeni," mzee akasema, akaikunjua jezi na kuiinua juu. "Jezi ya timu yetu ya mkoa. Vijana wenyewe hawa hapa. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza.

Alitaja bei ya kuanzia. Kimya. Akaishusha. Kimya. Nimehudhuria mnada ule tangu nabebwa mgongoni, na sijawahi kuona kitu kikikosa mtu. Hata bamia zilizonyauka hupata mtu. Wanawake walikuwa wameitazama nembo, sasa wanatazama chini. Kipa wetu alinong'ona, "Madam, ninunue mimi?" Nikatikisa kichwa bila kujua kwa nini. Tabasamu la meneja lilikuwa bado lipo, ila halikuwa na kazi tena.

"Mzee, shikamoo," akasema hatimaye, kwa upole. "Kama haina mtu, naomba niichukue tu, nisiwachelewesheni."

"Marahaba, baba. Lakini kikishawekwa hapa ni sadaka. Hakirudi mfukoni. Lazima auziwe mtu."

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkubwa.

"Natoa lita tano za maziwa."

Watu wakageuka. Mzee akamkodolea macho. "Lita tano. Utazileta hapa?"

"Hapana. Gari la kampuni yao lizifuate njia panda, Alhamisi asubuhi, kama zamani, na pesa yake iletwe hapa."

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza. Mwingine nyuma akasema, "Mwambie!" Mzee akamtazama meneja, akaitazama jezi, akapiga meza kwa kiganja. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ilipofika ya tatu ilikuwa imeuzwa, na kampuni ya maziwa, bila kuulizwa, imepangiwa safari.

Meneja alinisubiri kwenye gari lake. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ulijua?"

"Nilijua leo. Kabla ya ibada."

"Na ulikaa nyuma yangu muda wote ule." Akafungua mlango. "Mimi siyo mwenye magari. Nitauliza. Gari lisipokuja Alhamisi, sina uso wa kuwadhamini nyie wala mtu mwingine yeyote huku. Likija, tutaongea."

Alhamisi nilipanda Machame asubuhi mapema. Kipa alikuja na mabeki wawili. Nilimwambia hakuna haja, hakuna mpiga picha. "Ndiyo maana tunakuja," akanijibu. Kutoka mferejini kwenda juu tulitembea kwa miguu. Njia panda tuliwakuta wanawake kumi na kitu, kila mmoja na dumu lake. Mama mkubwa alikuwa amewaambia, nao wamekuja kumkamata mtu kwenye uongo, au ukweli, lolote litakalotokea. Tulisubiri. Muda wa gari ulifika, ukapita. Mama mmoja akaanza kufunga kitenge chake kiunoni, tayari kurudi.

Simu yangu ikalia. Alikuwa meneja.

"Dereva yuko chini mferejini. Anasema barabara haipitiki kwa gari lake. Huku ofisini wanasema wanakijiji waliitengeneza. Wewe uko hapo. Inapitika?"

Wanawake walikuwa wamenizunguka. "Mwambie inapitika!" mmoja akanong'ona kwa nguvu. "Boda zinapita kila siku!" Nilikuwa nimepita pale asubuhi hiyo hiyo. Magogo waliyotandika wanakijiji yalikuwa mapya, yamepangwa kwa bidii, na udongo pembeni yake ulikuwa unameguka chini ya viatu vyangu. Nikisema haipitiki, dereva atageuza, na kila kitu kitageuka naye: wanawake hawa, timu, mkataba wangu. Nikisema inapitika, pengine litapita. Pengine. Nililizungusha neno hilo kichwani, na nikalisikia ni kama ukimya wangu wa kanisani.

"Haipitiki," nikasema. "Mpaka mferejini inafika vizuri. Kutoka hapo magogo hayatabeba gari la maziwa. Mwambie dereva asiondoke. Maziwa yanashuka sasa hivi."

Kipa hakusubiri kusikia jibu. Alichukua dumu la mama mkubwa, akachukua na la jirani yake, akaanza kuteremka, na mabeki wakafuata. Wanawake walinitazama kwa muda mfupi kama mtu aliyewauza. Kisha aliyekuwa anafunga kitenge akabeba dumu lake kichwani, na wengine nao wakabeba.

Dereva alikuwepo. Alikuwa anakaribia kuwasha gari, lakini alikuwepo. Akatumbukiza kipimo kwenye dumu moja baada ya jingine, anaandika, anamimina. Mama mkubwa alisimama mikono kiunoni akihakikisha hakuna tone linalobaki. "Aika," akamwambia alipomaliza, akashukuru kama vile hajawahi kumkasirikia mtu.

Meneja alipiga tena gari likiwa linaondoka.

"Nimeambiwa kiasi walichopokea. Sikiliza, misimu miwili siwapi. Nawapa nusu msimu. Jumatatu niletee andiko jipya, ukurasa mmoja. Jezi iwe mwishoni. Mwanzoni weka kituo cha kukusanyia maziwa hapo mferejini, na timu itafanya nini hapo, siyo itasema nini."

"Na habari ya magogo?"

"Iandike kama ulivyonijibu leo."

Nilimwambia asubiri kidogo. Sikuwa na karatasi, nikamwomba mama mkubwa kipande cha boksi aliloliokota na kulikalia, nikakaa kwenye ukingo wa mfereji, nikamwomba meneja arudie polepole.