Mawe Yaliyooshwa
Mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye mtaani walimwita Bibi Mawe, aliporudi kutoka kliniki alikuta mawe yake yote yameanikwa uani kama nguo za mtoto. Mkwewe alikuwa ameyasugua kwa brashi na sabuni.

"Yalikuwa na vumbi, mama," alisema. "Na vile vikaratasi vilikuwa vimechakaa, nikavibandua, nikavichoma na takataka."

 Vikaratasi vile ndivyo vilivyosema kila jiwe liliokotwa wapi, na Bibi Mawe alikuwa akivibandika tangu akiwa msichana. Kumgombeza mtu aliyekusudia wema hakuweza.  Akaomba kigoda na siki.

Kesho yake shule aliyokuwa akifundisha ingekuja kuyachukua, kwa hiyo alianza kuyapanga upya kwa makundi. Ya moto, yaliyotokana na uji wa mawe ulipopoa, hayakumsumbua: itale lina chembe kubwa kwa kuwa lilipoa polepole chini ya ardhi, na lile jeusi lililopoa upesi juu ya ardhi chembe zake hazionekani kwa macho. Ya mashapo, yaani mchanga na tope vilivyoshindiliwa tabaka juu ya tabaka, aliyajua kwa mistari na vipande vya kombe. Yaliyomtoa jasho ni yale yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo. Alidondosha siki kwenye mawe mawili meupe, yote mawili yakatoa povu, dalili ya chokaa. Akayageuza juani, moja likametameta kama sukari. Hilo marumaru, jiwe la chokaa lililopikwa ardhini. Lakini la kutoka wapi? Akasonya.

Lile jepesi la volkeno, lenye vitundu, halikuwepo. Mkwe akainamisha kichwa: alikuwa ameliweka bafuni, la kusugulia visigino.

"Lilete," alisema Bibi Mawe, akiwa ameuma meno.

Mkwe alilileta, kisha akaketi karibu naye akiwa na kalamu, akaomba amwandikie vikaratasi vipya. Bibi Mawe akalishika itale la waridi. Alikumbuka mvua ya siku ile, viatu vyenye tope, na marehemu mumewe akilalamikia uzito wa begi. Jina la kilima alikoliokota likagoma kuja.

"Andika: mahali hapajulikani."

"Hata hili, mama?"

"Hata hilo."

Mkwe akaandika. Bibi Mawe akachukua jiwe jingine bila kumtazama. Hasira ilikuwa haijamtoka.