Mtoe Mama Umweke kwenye CD

Mume wangu Ambakisye ana mke mwingine, na huyo mke mwenzangu anaitwa Meneja. Niliwahi kuwaambia hivyo kina mama wa kanisani wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka sana.

Meneja si mtu. Ni programu iliyo kwenye kompyuta yetu, pale kwenye kona ya sebule, hapa Columbia Heights, Minnesota, na kazi yake ni kupanga modi za gemu. Modi, kwa asiyejua kama nilivyokuwa sijui mimi, ni faili wanazotengeneza watu tu majumbani kwao ili kuibadilisha gemu: huyu anaongeza farasi, yule anaongeza mvua, mwingine anabadilisha sura za watu. Gemu yenyewe ni ya mapanga na vijiji na mapango. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, mwenye shahada yake, anakwenda kununua mishale kwenye duka ambalo halipo.

Mwanzoni alikuwa anazimimina hizo modi moja kwa moja kwenye folda ya gemu, ovyo ovyo. Siku moja zikagombana humo ndani, gemu ikakataa kufunguka, na yeye hakujua tena faili ipi ni ya nani. Ikabidi afute kila kitu aanze upya. Alinuna siku tatu, jamani, kama aliyefiwa na ng'ombe. Ndipo akamleta Meneja. Meneja anaiweka kila modi kwenye chumba chake na jina lake. Ukiitia alama inaingia kwenye gemu, ukiiondolea alama inatoka, na gemu inabaki kama ilivyotoka dukani. Ambakisye aliupenda utaratibu huo kwa sababu ndiyo kazi yake. Ni mtu wa maabara, hospitalini Coon Rapids, kutwa yuko na vichupa vya damu za watu, na kichupa kisicho na lebo kwake ni dhambi. "Usiguse cha asili," alikuwa akiniambia. "Fanyia kazi nakala." Nami namjibu, "Sawa, bwana mkubwa wa mapango, chakula kinapoa."

Nisije nikamwonea. Si mtu mbaya. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, anaendesha kwenye theluji, anarudi jioni na hana neno hata moja lililobaki mdomoni. Alikuja Minnesota kusoma mwaka tisini na sita akidhani baridi anaijua, kwa vile kwao ni Tukuyu, milimani kwenye baridi. Maskini. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nageuza watu vitandani kwa saa nane mfululizo, nikirudi miguu imevimba kama ya mjamzito. Basi tunaishi hivyo, watu wawili waliochoka, tunapishana mlangoni tunaambiana gari lina mafuta au halina.

Mama yake alikuja kututembelea mwaka 2006, tukiwa bado tunakaa Hopkins. Alikaa miezi mitano. Alipomwona mwanawe akizungumza na watu wa kwenye kioo, alicheka, akauliza kama hao watu nao wanasikia. Ndipo Ambakisye akapata wazo. Kwenye gemu yake kuna mwanamke mwenye duka, ukiingia anakusemesha kwa Kiingereza, anakukaribisha mgeni. Akamkalisha mama yake kwenye kiti, akamvisha maikrofoni kichwani, akamwambia, "Mama, sema kama mwenye duka." Mama akasema alivyotaka mwenyewe. Ambakisye akayakata maneno yake vipande kumi na viwili, akavitia kwenye mdomo wa yule mwanamke, akaifanya modi, akampa Meneja aitunze. Tangu hapo ukiingia kwenye duka lile unaambiwa, "Umechelewa, mwanangu." Au, "Funga mlango, baridi inaingia." Ukinunua kitu, "Ndaga fijo," yaani asante sana, kwa Kinyakyusa chetu. Na kubwa kuliko yote, "Umekula?"

Mama alirudi nyumbani Novemba. Februari iliyofuata akafariki.

Ambakisye hakwenda kuzika. Makaratasi yake ya uhamiaji yalikuwa katikati ya safari, na mwanasheria alimwambia ukitoka sasa usitegemee kurudi. Dada zake waliishika simu pembeni ya kaburi ili asikie. Tulisikia upepo, na mtu akikohoa, basi. Hakulia. Kesho yake alikwenda kazini.

Ila tangu siku ile, kila akirudi, hata koti havui. Anawasha kompyuta, anakwenda moja kwa moja kwenye lile duka, anambonyeza yule mwanamke. "Umekula?" Anakaa kidogo. Anambonyeza tena. "Umekula?" Mishale hanunui. Kisha anazima, anavua koti, anakuja mezani. Na mimi napita nyuma yake na kapu la nguo, nimesimama tangu asubuhi, nasikia mtu aliyekaa akiulizwa kama amekula. Nasema ukweli wangu: nilimwonea wivu marehemu. Mungu anisamehe.

Sasa mwaka ukawa unatimia. Dada zake wa Tukuyu wakapanga ibada ya kumbukumbu, wakapiga simu: "Kaka, tumesikia una sauti ya Mama. Tuletee na sisi." Rafiki yetu Jairus alikuwa anasafiri kwenda Mbeya Jumapili, akasema atapita kwetu Jumamosi saa kumi na moja jioni kuchukua CD. Mambo mepesi kabisa. Lakini Jumamosi asubuhi hospitali ikamwita Ambakisye kazini, mwenzake anaumwa. Saa tisa mchana, mimi ndiyo kwanza naingia ndani, viatu bado miguuni, simu ikalia.

"Ikupa, nisikilize vizuri, nina dakika tano," alisema. "Mfungue Meneja. Upande wa kushoto utaona pameandikwa Mama Dukani. Mbonyeze kwa kitufe cha kulia. Mtoe, umweke kwenye CD. Umeelewa?"

"Nimtoe, nimweke kwenye CD. Mimi mtoto?"

"Sawa. Jairus asije akaondoka bure."

Nikakaa. Nikamfungua huyo Meneja. Mama Dukani nikamwona. Nikabonyeza kulia, yakatoka maneno mengi ya Kiingereza, na kati yake nikaona Remove. Haya, kutoa ndiyo huku. Kiingereza nakijua, nakitumia kutwa nzima. Ila siku hiyo nilikuwa nimechoka, na neno nililopewa lilikuwa toa. Nikabonyeza. Meneja akaniuliza: una hakika? Nina hakika. Akauliza tena: na faili yake iliyohifadhiwa huku kwangu, nayo itoke? Nikafikiri, hivi hawa mawifi watumiwe nusu? Kesho waseme Ikupa alituchujia sauti ya mama yetu? Nikasema, itoke yote. Itoke kila kitu.

Kisha nikangoja atokee. Amekwisha kutoka, sasa yuko wapi? Nikatazama mezani pa kompyuta, nikatazama kwenye folda zote, nikafungua hata kikapu cha taka. Hayupo. Yesu wangu, nimefanya nini?

Ambakisye aliingia saa kumi na nusu. Sikumficha, sina tabia hiyo.

"Nimemtoa Mama, lakini simwoni."

"Umemtoa wapi?"

"Nimemtoa! Si uliniambia nimtoe?"

Akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akaangalia upande wa kushoto, pale penye majina yote, farasi, mvua, mapanga, na pengo moja katikati. Akasema polepole, "Ikupa. Nilisema umtoe. Kumtoa. Kama unavyotoa sahani kabatini ukamletea mgeni. Lile neno lilikuwa Extract."

"Na kutoa takataka nje ni kutoa gani? Si kutoa hukohuko? Ungesema nakili! Ungesema mtoe nakala! Mwenye mambo ya lebo ni wewe au mimi?"

Nilitamani agombe, nami nipate pa kugombea. Akakaa, akafungua gemu, akatembea mpaka dukani, akambonyeza yule mwanamke. Yule mwanamke akamkaribisha kwa Kiingereza, kwa sauti ya kizungu nyororo, akamwita mgeni. Meneja alikuwa ameifanya kazi yake barabara. Gemu ilikuwa kama ilivyotoka dukani.

Ambakisye akalaza kichwa kwenye kibodi akalia. Mwaka mzima hakulia, akalia siku ile, na koti lake mwilini, mabega yakimruka. Na mimi niliyemnunia mama wa watu mwaka mzima nilisimama hapo nikijua nimemuua mara ya pili.

"Nakala?" nilimuuliza. "Si unasemaga ufanyie kazi nakala?"

"Nakala ndiyo hiyo uliyoifuta. Ya asili..." Akainua kichwa. "Ya asili niliichoma kwenye CD siku ileile, kabla sijakata chochote. Ilikuwa Hopkins. Sijaiona tangu tuhame."

Maboksi ya Hopkins tulikuwa hatujayafungua, yako chini kwenye stoo ya jengo, mwaka na zaidi. Tukashuka. Jairus alipofika alitukuta tumezungukwa na nyaya na vyungu na viatu vya theluji vilivyotubana. Tukamwambia panda juu, chai iko kwenye chupa, jimiminie. Hakuuliza. Boksi la tano, chini ya pasi mbovu, Ambakisye akaitoa CD ndani ya bahasha. Juu ameandika kwa wino, kwa zile herufi zake za maabara: MAMA. ASILI. USIGUSE.

"Hujawahi kuisikiliza?" nilimuuliza.

"Nilikata vipande nilivyovitaka. Hii ina kelele nyingi."

Tukapanda juu, tukaiweka kwenye kompyuta. Dakika thelathini na nane. Kweli ina kelele nyingi. Mama anakohoa, anauliza hiki kidude cha kichwani hakinipigi shoti, anacheka, anamwambia mwanawe apunguze kula chumvi. Ambakisye alikuwa ameushika ukingo wa meza, anatabasamu na machozi hajafuta. Jairus kashika kikombe kwa mikono miwili, hasogei. Kisha ikasikika sauti ya Ambakisye mwenyewe, sauti ya wakati ule: "Sasa sema, umekula."

"Umekula?" akasema Mama.

"Safi. Tena."

"Umekula? Eti, na Ikupa je? Katoka kazini tangu mchana, yuko jikoni huko kasimama, hakuna aliyemuuliza. Wewe umekaa hapa na vidude vyako. Muulize na yeye. Ikupa! Ikupa, umekula, mwanangu?"

Halafu sauti ya Ambakisye, inacheka kidogo: "Mama, hicho kipande nitakiondoa."

Mimi siku ile ya kurekodi sikusikia kitu, bomba la jikoni lilikuwa wazi. Nilikuwa nikiosha sahani zao.

Ambakisye hakuniangalia. "Kilikuwa kirefu," alisema. "Kile kipande. Hakikuenea kwenye mdomo wa yule mwanamke."

Jairus akatazama ndani ya chai yake kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha.

"Ikupa! Ikupa, umekula, mwanangu?"

Nilikuwa na njaa, kumbe, njaa ya tangu saa kumi na mbili asubuhi, na sikuwa nimeitambua mpaka pale.

"Bado, Mama," nikasema.

Ambakisye akasimama. Hakusema samahani, hana hayo maneno, na mimi sikuyangoja. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akaenda jikoni. Nikamsikia akifungua kabati moja, akalifunga, akafungua jingine, akitafuta sahani ziko wapi. Sikumwelekeza.