Ukuta wa Udongo Mweusi

Udongo mweusi wa kinamasi unanuka kama yai viza. Harufu hiyo ilikaa ndani ya nyumba yetu ya Rumonge, kando ya ziwa, msimu mzima nilipokuwa na miaka kumi na miwili: kwenye mashuka, kwenye ugali wa muhogo, hata kwenye vitambaa ambavyo wateja walimletea baba avishone. Ziwa lilikuwa limepanda. Kila asubuhi tulilikuta limesogea kidogo, bila kelele, mpaka likafika barazani. Baba aliinua cherehani yake juu ya matofali akaendelea na kazi, suruali imekunjwa hadi magotini. Jirani yetu Mama Zaituni, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alipita na beseni kichwani akamwita: "Eh, Fundi! Sasa uko unashonea samaki?" Baba akajibu bila kuinua uso: "Ndiyo. Wao hawanenepi kabla ya Idi kama wewe, nguo ikawabana."

Baba alicheka, lakini usiku ule hakula. Nyumba aliijenga mwenyewe kwa matofali mabichi, na hatukuwa na pengine pa kwenda. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali; mwalimu alikwisha kunichoka. Nikachukua makopo mawili ya nyanya, nikayatoboa chini kwa msumari. La kwanza nililijaza mchanga wa ufukweni, la pili udongo mweusi niliouchota nyuma ya nyumba, kwenye mafunjo. Nikamimina maji. Mchanga uliyaachia mara moja. Udongo mweusi uliyashika, na hadi adhana ya alasiri halikuwa limetoka hata tone. Baba alichuchumaa mbele ya makopo yale muda mrefu, kisha akasimama akaita majirani. "Mutoto wangu ameona kwa macho yake," aliwaambia. "Hii udongo iko inakataa maji." Mama, aliyekuwa akichuja mawese, aliuliza neno moja tu: "Na mvua, je?" Nikamjibu kama mtu anayemfundisha mjinga: "Mama, adui ni ziwa."

Tulibeba udongo siku nyingi, sote, hata mdogo wangu kwa bakuli lake. Tuliizungushia nyumba na ua ukuta uliofika kifuani mwangu, bila mlango, tukaukandika udongo huo uani pia ili maji yasipande kutoka chini. Kisha tukachota maji yaliyobaki ndani tukayamwaga nje. Ziwa likasimama nyuma ya ukuta. Watu walikuja kutazama, nami nikasimama pale kana kwamba nimelifunga ziwa kwa kamba. Kutoka nyumbani ilibidi kupanda ubao mmoja na kushuka mwingine, na viatu vya shule vilipotumbukia mara ya tatu, niliacha kwenda shule.

Halafu mvua zikaanza. Maji ya mvua hayakuwa na pa kutokea. Kila kilichoanguka uani kilibaki uani. Tulichota asubuhi, yakarudi jioni. Vyura wakazaliana chini ya kitanda changu. Kilichoniuma zaidi si maji, ni kwamba ziwa lenyewe lilianza kurudi nyuma, tukiliona kila tukipanda ubao. Nyua za wenzetu zikakauka. Wetu ukabaki bwawa. Mama alisema kila siku: "Toboeni ukuta." Mimi nikasema tungoje, ziwa linaweza kurudi. Baba alimtazama mama, akanitazama mimi, akanifuata mimi. Nilikuwa na shaka na kila kitu duniani, isipokuwa makopo yangu mawili.

Chumba cha nyuma kilianguka mchana, tukiwa mezani. Hakikutoa kishindo, kiliketi tu majini, kama mtu aliyechoka. Baba alichukua jembe, akaupiga ukuta wangu, na maji yakatoka yote kabla ya jua kuzama. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Hakunilaumu, siku ile wala baadaye, na hadi leo natamani angenilaumu.

Nimesomea udongo chuoni Bujumbura, na sasa kazi yangu ni kupima vinamasi kutoka Gatete hadi Minago. Watu huniuliza niliipendaje kazi hii. Sijui kama niliipenda. Nadhani sijawahi kutoka ndani ya ukuta ule. Wazazi wangu bado wanakaa palepale, vyumba vimepungua kimoja, cherehani bado iko juu ya matofali yake. Mwezi uliopita nilitoboa ardhi ya uani kwa chombo changu nikakuta maji kabla ya kufika kina cha mkono. Nikamwambia baba wahame, wapande kule mlimani, na nikamtolea karatasi za vipimo. Akakata uzi kwa meno.

"Hata siku ile ulikuwa na hakika, mwanangu," alisema, kwa upole, bila kejeli yoyote.

Ndipo mama akauliza kutoka jikoni: "Na mvua, je? Umeipima?"

"Nimeipima, mama. Misimu mitatu."

Alitoka akipangusa mikono, akashika cherehani upande mmoja, akaniashiria nishike wa pili, tuiinue tutoke nayo. Tuliinama, tukangoja. Baba hakuondoa mguu kwenye kanyagio.