Viatu vya Kuingia Katika Ufa

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia depo ya Nguba, hapa Bukavu, nikiwa na sindano zangu, nyundo na kopo la gundi. Nilidhani nimeajiriwa kushona mabuti ya watu wa barabara. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, na kutoka mlangoni hukuweza kuona maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Mtunza depo, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu, alinisukumia sanduku kwa mguu.

“Papa Saidi, fungua.”

Ndani mlikuwa na viatu vyepesi, vidogo, visivyo na kisigino, na soli nyeusi laini iliyopanda mpaka juu ya vidole. Nilikibonyeza kimoja kwa kidole gumba, kikanishika kama ulimi wa ng'ombe.

“Maman, hivi ni vya kucheza dansi?”

“Dansi gani? Ni vya batu benye kupandaka mawe. Utavichunga, utavishona, na utachagulia kila mutu chake. Ukikosea, mutu ataanguka. Umesikia?”

Nilisema nimesikia. Ukweli ni kwamba sikuelewa lolote. Baba yangu, wa familia ya wachuuzi wa Uvira, aliuza viatu vya sherehe, nami nilikua nikijua jambo moja tu juu ya kiatu: kwamba kiwe na ncha, king'ae, na kibane mguu vizuri. Bukavu ni mji wa matope, na kwa sababu hiyo watu wake wanapenda sana kiatu cha kupendeza. Shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Yaliyobaki nilijifunza kwa kutazama miguu ya watu.

Kazi ya kikundi chetu ilikuwa hivi. Barabara iteremkayo kutoka mjini kwenda bondeni inapita chini ya miamba, na wakati wa mvua mawe huanguka. Watu wetu walipanda kukagua ni jiwe lipi limelegea. Hawakuweza kuteremka kwa kamba kutoka juu, maana kule juu udongo ni laini na hauna mahali pa kufunga. Ilibidi waanzie chini, wafuate nyufa za mwamba. Wa mbele alikwenda na kabari za chuma kiunoni, akizisukuma katika ufa moja baada ya nyingine na kupitisha kamba humo, ili akiteleza kabari imshike. Wa pili alimfuata akizitoa. Hawakutoboa jiwe wala kuacha chuma ndani yake. Walikuwa wakipita, na mwamba ukabaki kama ulivyokuwa, kana kwamba hakuna aliyepita.

Aliyenifundisha viatu ni Shefu wa Kamba, mkuu wa wapandaji, mtu mrefu, mkimya, aliyewahi kuvunjika vidole viwili na hakupenda kusimulia vipi. Wiki ya kwanza alisogeza kabati mpaka likaacha nafasi ndogo kati yake na ukuta.

“Saidi, angalia muguu yangu.”

Aliingiza mguu katika nafasi ile kwa ubavu, kidole kidogo kikiwa chini na goti likitazama nje. Kisha akalisimamisha goti. Mguu ukajisokota humo ndani na kukaza kama ufunguo katika kufuli. Akasimama juu yake mzima mzima, mikono mifukoni.

“Sasa nasimama juu ya vidole?”

“Hapana, shefu. Unasimama juu ya mguu wote.”

“Eeh, njo vile. Kule juu mutu anasimama hivi saa nzima. Vidole vikiwa vimekunjwa mu kiatu, jiwe litavisaga.”

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kiatu cha ukuta laini wenye vishikizo vidogo kinaweza kupinda mbele kama kucha ya mwewe, maana kazi yake ni kuning'inia kwenye ncha. Kiatu cha ufa kinataka wayo bapa, na vidole vilale humo bila kukunjwa. Kinataka bamba gumu ndani ya soli, ili ukisokota mguu kiatu kisijikunje na kuuminya. Ncha iwe nyembamba ya kupenya ufa mdogo, na mpira ufunike juu ya vidole, kwa sababu ndani ya ufa jiwe linakula kiatu kutoka juu na chini. Vile vinavyofunika kifundo ni bora zaidi, hasa katika nyufa pana, maana mfupa wa kifundo ndio unaogonga kwanza. Nilipenda kamba za kufunga kuliko vile vya kubandika: kibandiko kikisuguliwa na jiwe hufunguka chenyewe, na kamba unaweza kuilegeza wakati wa kupumzika. Nilijifunza pia kuwa ngozi tupu hupanuka, na kitambaa hakipanuki. Na kiatu hupimwa mchana baada ya kutembea, mguu ukiwa umevimba kidogo, si asubuhi ukitoka kitandani.

Haya yote niliyajua. Ndiyo maana kosa langu siwezi kulisingizia ujinga.

Katika kikundi alikuwepo Byamungu, kijana wa mtaa wa Kasha, aliyekuwa ametangulia mbele ya kamba kwa misimu mitatu. Alipanda taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza na aliniheshimu kama baba. Msimu wa jua ulipofika tulihamishiwa kambi ya Sange, bondeni, na kabla ya kuondoka depo ilipokea sanduku jipya. Ndani yake kulikuwa na pea moja nzuri mno: nyekundu, imepinda mbele, ina ncha kama viatu alivyouza baba yangu. Niliitazama siku mbili. Siku ya tatu nilisema moyoni, hii ni ya aliye bora. Nikamwita Byamungu mbele ya wote, nikapiga goti, nikamvisha kwa mikono yangu. Barabarani alivaa quarante-deux, arobaini na mbili. Kile kilikuwa quarante, arobaini tu. Nilisukuma kisigino mpaka kikaingia.

“Iko aje?”

“Iko bien, papa.”

Wenzake walicheka. “Byamungu, unaenda ku jiwe ama ku bolingo, kwa muchumba?”

“Muache wivu,” alisema, akatembea hatua tatu kwa madaha. Nilimwona akitembea kwa ukingo wa nje wa mguu, nikadhani ni madaha tu.

Siku ya kwanza ya kazi kulikuwa na ufa mmoja mrefu, ulionyooka, upana wa kiganja. Byamungu alipanda vizuri mpaka nusu. Hapo akasimama. Alikaa muda mrefu, mguu mmoja ndani ya ufa, na kutoka chini tuliona goti lake likianza kutikisika. Aliweka kabari, akaweka nyingine karibu yake, halafu akaomba ateremshwe. Shefu wa Kamba alimngoja afike chini.

“Uliona nini kule?”

“Sikuona kitu, shefu.”

“Kabari zilikataa?”

“Hapana.”

“Basi ni woga.”

Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaongeza kuwa keshokutwa gari la mjini likija, Byamungu atarudi nalo, na kikundi kitatafuta mtu mwingine wa mbele. Byamungu akafungua kamba kiunoni mwake. Katika kazi ya kamba mtu anaweza kusamehewa uvivu, hata ulevi. Lakini aliyeitwa mwoga hakuna atakayejifunga naye kamba moja tena, hapa wala kwingine. Neno lile lingefika Kasha kabla yake.

Alasiri nilimkuta nyuma ya hema akiosha miguu katika beseni. Maji yalikuwa na damu, rangi ya chai ya mkandaa. Maungio ya vidole yalikuwa yamechubuka yote, na kucha mbili zilikuwa zimegeuka buluu.

“Byamungu. Juu ya nini haukuniambia?”

Alificha miguu majini. “Papa, ni wewe uliniwekea ile kiatu na mikono yako, mbele ya batu. Ningesema nini?”

Kwetu mtu hamwambii mzee kwamba zawadi yake inambana. Nilimuuliza “iko aje” kama tunavyoulizana njiani, naye akanijibu kama tunavyojibiana njiani. Heshima ilimfunga mdomo, na mimi ndiye niliyekaza fundo.

Sikwenda kwa shefu mara moja. Nataka niliseme hili. Nilikunywa chai kwanza, vikombe viwili, nikifikiria kwamba fundi aliyemvisha mtu kiatu kibaya makusudi au kwa upumbavu, yote ni mamoja, hufukuzwa. Kikombe cha pili kilipoisha sikuwa na sababu nyingine ya kukaa.

“Shefu, si woga. Ni kiatu. Nilichagua kwa macho.”

“Unasema vile juu ya kumupenda?”

“Nampenda. Lakini nasema kwa sababu ni kweli.”

“Basi muchagulie kingine. Na kesho ni wewe utamushikia kamba. Kama ni kiatu, atafika. Kama ni woga, utausikia mu mikono yako.”

Sikuwa nimewahi kusimama chini na kushika kamba ya mtu, kuiachia anapopanda na kuibana akiteleza.

Nilichukua mbao mbili za sanduku, nikazisimamisha kati ya mawe mazito, nikaacha nafasi ya upana wa ufa ule. Byamungu alikuja na soksi nyembamba juu ya vidonda. Nikamwambia, “Leo usiniambie kitu. Ingiza mguu, simama, nyamaza.” Nilimvalisha pea ya kwanza nikamtazama shingo. Mishipa ilitoka. Nikavua. Pea ya pili, akawa anameza mate. Nikavua. Ya tatu ilikuwa ya zamani, ya ngozi, yenye kufunika kifundo, niliyokuwa nimeibadilisha soli mara mbili. Haikuwa na sura. Alisimama humo, jua likiwa linashuka upande wa milima na bonde lote la Ruzizi likigeuka rangi ya asali. Nilingoja. Akaanza kutazama ng'ombe wa mbali. Baadaye akapiga mwayo.

Hapo nilijua.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa chini ya mwamba. Walinifunga kifaa cha kubana kamba kiunoni, na wa pili akasimama nyuma yangu akishika mkia wa kamba, ili mikono yangu isiwe peke yake. Byamungu alifunga viatu, akalegeza, akafunga tena. Kisha akaingia katika ufa. Mara ukungu ukamchukua, na tangu hapo nilimjua kwa kamba tu.

Ni vigumu kueleza. Kamba ilikwenda shubiri moja, ikatulia. Ikaenda nyingine. Nilisikia chuma kikigusa jiwe mahali fulani juu, sauti ndogo kama ya kijiko katika kikombe cha nyumba ya jirani. Hapakuwa na mwamba tena wala barabara, palikuwa na weupe na kitu chembamba kikipita vidoleni mwangu kwenda kwa mtu. Halafu kamba ikasimama. Nilihesabu urefu uliokwisha kupita, nikajua yuko pale pale pa jana. Ikakaa. Nikaomba dua zote nilizofundishwa utotoni na nyingine nilizitunga. Ikakaa bado. Kisha ikaenda, urefu wa mikono miwili kwa mara moja, halafu tena, bila kusita, mpaka iliyobaki miguuni pangu ikawa kidogo.

“Papa Saidi! Niko juu!”

Shefu wa Kamba aliwaita wote. “Ile neno nilisema jana, nairudisha mu kinywa yangu.” Gari la mjini lilipokuja lilirudi na viatu vyekundu.

Baada ya hapo nilihamishiwa depo ya Kasha, chini ya Shefu wa Vifaa aliyependa stakabadhi kuliko watu, na huko nilimalizia miaka yangu ya kazi. Nilitengeneza sanduku la mbao lenye ufa unaoweza kupanuliwa, na hakuna mtu niliyempa kiatu bila kumsimamisha humo, kimya. Wanafunzi wa jiolojia walinijia Jumapili, wengi wakitaka vile vyenye kupinda. Niliwaacha wavivae, nikawasha jiko, nikangoja. Kabla chai haijachemka walikuwa wameshavivua. Nilistaafu macho yaliposhindwa kuona tundu la sindano.

Byamungu alifariki msimu wa mvua uliopita, kwa ugonjwa, kitandani, mjini. Nilikwenda Kasha kwenye kilio. Nilikaa na wanaume siku mbili bila kusema. Siku ya tatu niliona watoto wake wamekua watu wazima, nikawaza kwamba pengine wamelisikia neno lile la woga mitaani maisha yao yote. Nikasimama. Nikasema mbele ya watu kwamba siku baba yao aliposhindwa katika mwamba wa Sange haikuwa woga, ilikuwa kosa langu, mimi Saidi mshona viatu.

Binti yake mkubwa akaniangalia.

“Papa Saidi, sisi hatukujua kama baba alishindwa siku moja.”

Nilitamani ardhi inifunike. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Mimi ndiye niliyelileta neno lile mpaka mlangoni mwao.

“Alipanda tena?” akauliza.

“Kesho yake.”

“Basi ketini, mutuambie ile ya kesho yake.”

Nikaketi, nikawaambia yote, ukungu, kamba, mahali iliposimama. Mjane wake, aliyekuwa amejilaza mkekani, aliinua kichwa.

“Na wewe uliogopa?”

“Sana, maman.”

“Najua,” alisema. “Yeye aliniambia. Kamba yote ilikuwa inatetemeka mupaka kule juu. Alisema alipanda mbio sababu ya kukuonea huruma.”

Binti akacheka wa kwanza, mkono ukiwa mdomoni. Kisha nyumba nzima.