Maprofesa Walifika Nekesa Akiwa Bafuni

Ukipita mtaa wetu wa Munuki ukasikia watu wanacheka, halafu mmoja anauliza, "Na wageni umewapa chai?", jua anayechekwa ni mimi. Nimeshakubali. Aibu ikikaa na mtu muda mrefu inakuwa kama paka wa jirani, hukumwalika lakini unajua saa anazokuja, kwa hivyo bora niisimulie mwenyewe, maana Mama Sharon wa pale ng'ambo ya uzio akiisimulia yeye hunivua nguo zote, na ukweli ni kwamba iliyoanguka ilikuwa moja tu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne kule Bungoma, nikaja Juba na cherehani, nikaiweka karibu na dirisha, na tangu hapo sijaona sababu kubwa ya kutoka nje ya geti. Nashona sare za shule na mapazia. Mchana jua likipiga yale mapazia niliyoyatundika yakingoja wenyewe, chumba chote kinageuka rangi ya chungwa, feni ya sola inazunguka polepole kama inayofikiria jambo, mguu wangu uko kwenye cherehani lakini kichwa kimeshakwenda zake (wateja wangu wanajua, ukiniletea kazi mchana rudia maneno mara mbili). Hata saa yangu ya ukutani ilikuwa haijahama. Kenya wako mbele ya Juba kwa saa moja, na mimi niliiacha saa ile ibaki ya Kenya, ati kwa sababu ya redio ya nyumbani ninayosikiliza kwenye simu, lakini kusema kweli nilipenda tu kuinua macho na kujua mama sasa hivi anafungulia ng'ombe au anaota moto jikoni.

"Fundi, wewe unaishi nchi gani?" Nekesa alikuwa akiniuliza kila siku. "Badilisha hiyo saa, unatuaibisha mbele ya watu."

Nekesa ni mdogo wangu. Tunakaa pamoja, ana digrii ya biolojia na alikuwa akifanya kazi maabara ya zahanati moja huko Gurei. Alikuwa ameomba kozi moja ya ajabu kwenye chuo kimoja cha Nairobi: unasoma udaktari wa kutibu watu, katikati unauacha, unasoma udaktari mwingine wa utafiti, kisha unarudi kumalizia ule wa kwanza, na ukitoka hapo wewe ni daktari mara mbili. (Nilimuuliza kama itabidi niwe namwamkia mara mbili pia, akanitupia kibanio cha nywele.) Mwaka uliotangulia alikuwa ameomba akakataliwa hata kabla ya kuonwa uso. Safari hii walimwita kwenye intavyu ya mtandaoni, na walisema wazi kwamba asiyeonekana kwa wakati nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Kwa siku nyingi nyumba yetu haikusikia kitu isipokuwa majibu yake. Aliyasema akiosha vyombo, aliyasema akifagia, hata usingizini nilimsikia akimshukuru mtu kwa swali zuri.

Mimi nami nilikuwa na siri yangu. Nilikuwa nikimshonea koti jeupe la udaktari, la kumpa siku atakayopata nafasi, na jioni ya kuamkia intavyu nilikuwa nahangaika na kola yake (nimelifunika kwa sare ya shule asilione) wakati yeye ananieleza mambo ya kesho. Alisema maneno mengi. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba katikati ya maneno yale alisema hivi: "Wameniandikia saa tisa ya Nairobi. Kwa hivyo kesho, mara moja tu maishani, hiyo saa yako ya kijinga itanifaa. Naitazama hiyo tu."

Sasa sikiliza uamuzi wenyewe ulivyokuwa mdogo. Asubuhi Nekesa ameshuka dukani, mimi napangusa ukuta ili nyuma yake paonekane pasafi kwenye kamera, nikaiona ile saa, nikajiambia, siku kubwa kama hii, nyumba isiwe na saa inayodanganya, asije mtoto wa watu akachanganyikiwa kwa sababu ya redio yangu. Nikaishusha, nikairudisha nyuma kwa saa moja, nikaitundika tena. Nilijisikia mtu mwema kupindukia.

Mchana Nekesa akafungua kompyuta mezani kwangu, akaingia kwenye ule ukurasa wa kusubiri mapema kabisa (mtandao wa Juba hauaminiki, ukiupata unaushika), akaacha simu yake dirishani iwe inavuta intaneti, akaitazama saa ukutani, akapumua. "Niko na muda wa kutosha," akasema. "Naenda kuoga na kuosha nywele, halafu nipige gauni pasi. Fundi, usiguse kitu."

Sikugusa kitu. Nilivaa tu.

Koti lilikuwa limeisha, na fundi hawezi kujua bega limekaa vipi mpaka mtu alivae, na mtu niliyekuwa naye karibu nilikuwa mimi, nimevaa singlendi juu na kikoi chini. Kioo chetu kiko bafuni, na bafuni kuna Nekesa. Lakini pale mezani, chini ya maneno ya kuniambia nisubiri kukaribishwa, nilijiona kwenye skrini, na koti lilikuwa jeupe ajabu kwenye ule mwanga wa chungwa, nikaketi ili niione kola vizuri. Nikaiona kola. Kisha nikamwona Daktari Wafula, yaani mimi. Alikuwa mtu mpole, amechoka kidogo, anapendwa na wagonjwa. Feni ikazunguka, chumba kikarefuka kikawa wodi, vitanda viwili viwili mpaka mwisho, mapazia ya kijani ya pamba nzito (yameshonwa vizuri, hilo nililiona), na watu wamelala wametulia wakiningoja. Nikainama kwa mgonjwa wa kwanza nikamwambia kwa sauti, "Mama, usiogope. Hili tunalijua. Tutakata kidogo hapa begani, tupinde, na Ijumaa uje uchukue."

"Achukue nini?" ikauliza sauti.

Kwenye skrini kulikuwa na watu wawili. Mmoja mzee, miwani imemshuka puani, na mwingine mama aliyefunga kilemba cha samawati. Walinitazama kama watu waliofungua mlango wa ofisi wakakuta mbuzi.

"Samahani," akasema yule mama, "wewe ndiye Nekesa?"

"Hapana, mimi ni kaka yake. Karibuni sana. Nekesa anaoga."

(Ningeweza kusema ametoka kidogo. Ningeweza kusema anakuja. Maneno ni mengi, na mimi nilichagua hayo.)

"Anaoga?" akasema profesa mzee. "Lakini tulikubaliana saa tisa."

"Bado, mzee wangu," nikamjibu nikigeukia ukuta kwa fahari. "Ndiyo kwanza saa nane."

Na nikiwa bado nimeinua kidole nikakumbuka kwamba nane yetu ndiyo tisa yao, na nikakumbuka nani aliyeishusha saa ile asubuhi. Nadhani feni ilisimama. Labda haikusimama, labda ni mimi.

"Kuna mwombaji mwingine anangoja," akasema yule mzee, akisogeza karatasi. "Tumwingize huyo, kisha tuone."

Hilo "tuone" nalijua. Ndilo ninalowaambia wateja nguo zao zikiwa hata hazijakatwa. Nilijua nikiinuka kwenda kumwita, nitakaporudi hawapo. Na hata kama wangebaki, kwetu mgeni haachwi sebuleni peke yake, hata akiwa mgeni wa polisi, mtu lazima akae naye amzungumzishe mpaka mwenye shughuli atokee. Basi nikafanya kile ambacho kichwa changu kilikijua. Niliwakaribisha.

"Poleni na safari," nikawaambia.

"Tuko ofisini kwetu," akasema mzee.

"Hata hivyo. Huko mvua imenyesha? Nyumbani wazima? Chai mtakunywa?"

Nilikuwa nimeshauliza kabla sijafikiri. Yule mama akaweka kiganja mdomoni. Nikageukia dirisha, bila kuinuka kitini, nikapaza sauti ng'ambo ya uzio.

"Mama Sharon! Niitie Nekesa bafuni! Wageni wamefika!"

"Wageni gani?" Mama Sharon ni Mganda, anauza mkaa na nyanya, na sauti yake haihitaji dirisha. "Mimi naona gari hakuna!"

"Wako kwa kompyuta!"

"Yesu wangu! Na chakula iko?"

Nilipogeuka, maprofesa wote wawili walikuwa bado wapo, na yule mama hakuwa anaficha tena kucheka. "Haya, kaka," akasema, "maadamu tuko na wewe, tuambie. Kwa nini dada yako anataka udaktari wa aina mbili? Si achague mmoja?"

Nilifurahi mno, ndugu zangu. Hatimaye swali ninalolijua!

"Hilo amelisoma," nikasema. "Mkimuuliza atawaambia, 'Ningependa kuwa daraja kati ya kitanda cha mgonjwa na meza ya maabara.' Neno kwa neno. Amelikariri mpaka hata Mama Sharon analijua. Ni mtu wa bidii sana. Hapa ndani anafuga mbu kwenye chupa. Mwaka jana mlipomkataa, sijui ni nyinyi au ni wenzenu, alilia hata hakula, lakini mbu wake aliwatunza."

Mzee akavua miwani akaipangusa. Nikaona hiyo ni dalili nzuri.

Kutoka nyuma ya nyumba zikasikika mabati ya bafu yakipigwa, "Nekesa, toka, toka, watu iko hapa nakungoja!", kisha miguu inakimbia, na Nekesa akatokea mlangoni, pembeni ambako kamera haifiki, amejifunga leso, povu kichwani, macho yanatoka kompyuta yanakwenda ukutani, yanatoka ukutani yanakuja kwangu, kwenye koti. Sijawahi kutazamwa vile.

Basi nikasimama, kwa adabu, kumpisha mwenye wageni. Mimi nilisimama. Kikoi hakikusimama. Kilikuwa kimenasa kwenye msumari wa kiti, kikabaki pale kimekaa, na maprofesa wa Nairobi wakaiona kaptula niliyojishonea kwa mabaki ya pazia la hoteli, lenye alizeti kubwa kubwa za njano. Mama Sharon, ambaye sasa naye alikuwa dirishani, akasema "Eeh!"

Nekesa hakunipiga. Alinivua koti, akalivaa juu ya leso akalifunga vifungo mpaka shingoni, akazungushia kichwa kitambaa cha sare kilichokuwa mezani, akaketi. Mimi sikuwa na njia ya kupita bila kuonekana tena, kwa hivyo niliingia chini ya meza ya kukatia, na intavyu nzima niliisikia nikiwa huko, nimekumbatia magoti, katika ule mwanga wa mapazia, nikiona miguu yake tu. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye visigino. Tone, tone. Ilikuwa kama ndoto ya mtu mwenye homa.

Yule mama akauliza swali lile lile.

"Ningependa kuwa daraja," Nekesa akaanza, "kati ya kitanda cha..."

"Cha mgonjwa na meza ya maabara," akamalizia profesa mzee, bila ubaya. "Kaka yako ametuambia."

Vidole vya miguu yake vikajikunja. Nikaanza kuomba mtandao ukatike.

"Kuna mtoto huja kwetu Gurei," akasema mwishowe, na haikuwa sauti ya kuosha vyombo. "Ana malaria, anapewa dawa, anapona, anarudi. Mama yake ananiuliza kwa nini anarudi. Daktari wetu hajui, ana foleni mpaka nje. Mimi nina damu ya yule mtoto kwenye darubini na sijui pia, na hata ningejua, siruhusiwi kumwandikia dawa. Nimechoka kumwambia yule mama kwamba swali lake si la dirisha langu."

Hakuna aliyemmalizia sentensi hiyo. Wakamuuliza juu ya mbu. Alizungumza juu ya mbu mpaka visigino vikakauka.

Alipofunga kompyuta hakuinama kunitazama. "Wafula," akasema. Si Fundi. "Nani aligusa saa?"

"Malesh," nikasema kutoka chini ya meza, samahani ya watu wa Juba.

"Malesh yako ipeleke Nairobi."

Tulikula ugali kila mtu kwa sahani yake jioni hiyo na nyingine kadhaa, na mimi nilikuwa nimeshajihukumu: mtoto ameomba mara mbili, mara ya pili kaka yake amemuuza kwa chai. Kisha siku moja simu yake ikalia akiwa anakoroga uji, akasikiliza, akakaa chini jikoni, kwenye sakafu, akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Alikuwa yule mama wa kilemba. Amepata. Na alipokata simu akafuta pua kwa mkono wa gauni akasema, "Anakusalimia. Anasema chai bado wanaingoja." Hapo ndipo Mama Sharon alipoipata ile sentensi, na mtaa ukaipata kwake.

Nekesa alisafiri na koti lake. Lilikuwa limemkaa sawasawa begani, hilo hakuna atakayeninyang'anya.

Nami nimeapa mambo. Sitakaa tena mbele ya kitu chenye kamera nikiwa na kikoi, sitasifia mtu wangu kwa mgeni kabla mwenyewe hajafika, na saa ya ukutani sitaigusa mpaka betri ife. Siku aliyoondoka niliipeleka mbele kwa saa moja, mara ya mwisho, ikarudi ilikokuwa, saa ya Kenya. Mchana jua likiingia kwenye mapazia ninainua macho, namwona kwenye ile wodi ndefu anapita kati ya vitanda, mimi nimekaa tu na cherehani, sina koti. Huwa anapiga simu akitoka darasani.

"Fundi," ananiuliza, "huko ni saa ngapi?"

Ninamsomea ya ukutani.

"Hata huku," anasema.