Kozi Moja Kati ya Zote Nilizobaindi

Kazi yangu ni kubaindi. Nina chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitenge Kariakoo, chenye mashine ya kutoboa, kisu kirefu cha kukatia karatasi na kopo la gundi. Wanafunzi wa vyuo huniletea tasnifu zao niziwekee jalada gumu na maandishi ya dhahabu. Fundi aliyenifundisha alikuwa na amri moja tu: kagua namba za kurasa, usisome, maana anayesoma anachelewesha wateja. Nilimwitikia "ndiyo", na tangu siku ile nimesoma karibu kila kilichopita mikononi mwangu.

Nimesoma kuhusu mbu, mirathi, michoro ya kanga na watangazaji wa redio. Nisichokielewa nakiruka bila aibu. Darasani niliishia kidato cha nne, lakini siku ambayo nimetoka kubaindi kazi ya sayansi utadhani nimelala maabara. Mume wangu husema najua mambo mengi nusunusu. Hajakosea sana.

Mwaka jana, nikiwa na miaka arobaini na saba, nilifanya mtihani wa kuingia chuo wa watu wazima ambao hawakupita kidato cha sita. Nikafaulu! Nilifurahi mpaka nikawanunulia majirani soda. Kisha ikaja fomu ya maombi, na fomu ilitaka kozi moja. Akiba yangu ilitosha kwenda mara moja tu; hakuna cha kujaribu na kurudi. Wiki mbili nzima nilikuwa mtu wa sayansi asubuhi, mtu wa sanaa mchana, mwandishi wa habari wakati wa kupika na mwanasheria kitandani. Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilikuwa nimeshika nne.

Siku ya mwisho ilinikuta bado sijachagua. Simu iko mezani, fomu imefunguka, na mimi naiogopa. Nilichokiogopa ni kuchagua vibaya halafu nizeeke nikijuta. Ndipo akaingia binti anayesoma sheria chuoni, karatasi zake kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unapeleka lini?"

"Kesho asubuhi. Yaani nimechoka, we acha tu."

Alikuwa ameandika kuhusu namna wafanyabiashara wadogo wanavyogawana maeneo. Nikaanza kukagua namba na, kama kawaida yangu, nikasoma. Ukurasa wa sitini na tatu ulisema kwamba wanawake wanaokaanga samaki kwenye soko la Feri hawana utaratibu wowote wao wenyewe wa kugawana nafasi, kwa hiyo ni lazima wawekewe.

Nikasimamisha mkono. Mwanafunzi mmoja wa sayansi, ambaye tasnifu yake ilikuwa bado imekandamizwa kwa mawe pale pembeni gundi ikauke, alipima mafuta ya wakaangaji haohao. Aliandika kwamba hakupewa hata tone mpaka alipoomba ruhusa kwenye kikao chao cha alfajiri, kile kinachopanga nani aweke jiko wapi wiki hiyo. Mwingine wa sanaa alikichora kikao chenyewe, kina mama wamekalia ndoo. Ukurasa wake ulioharibika wino niliubandika ukutani kwa kuupenda. Na mwingine wa uandishi wa habari alinukuu malalamiko ya mama mmoja aliyechelewa kikao akapangiwa upande wa moshi.

"Mwanangu, hapa umekosea," nikamwambia.

Akacheka kichovu. "Mama, msimamizi kashapitisha. We baindi tu."

Baindi tu! Nikayaondoa mawe, nikamfungulia kazi ya sayansi ukurasa wenyewe, nikamwonyesha na mchoro ukutani.

"Hawa wamekiona kikao. Wewe ulienda?"

"Nilienda mchana," akasema, sauti imepungua. "Nikawauliza wawili watatu hivi."

"Kikao ni alfajiri. Lakini wenyewe wapo sasa hivi wanakaanga. Nenda kawaulize."

Akapanda bajaji akiwa amenuna. Nilibaki najilaumu kwa kiherehere changu: mteja nimemuudhi, jioni inaingia, na fomu iko vilevile.

Saa kumi na moja alirudi ananukia samaki, amebeba kurasa mbili mpya alizochapa duka la jirani.

"Wana mpaka adhabu, mama! Ukikosa kikao mara mbili unafagia eneo zima wiki nzima. Na hakuna anayebisha. Hii si sheria kabisa? Miaka minne nasoma, nikaipita hivihivi." Akakaa kwenye benchi. "Hivi we umesoma wapi?"

"Hapahapa," nikamjibu, nikapachika kurasa zake.

Alipoondoka nilikaa na simu yangu. Sayansi ilikuwa imenishangaza miaka yote, na michoro ilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Habari zilinichekesha hadi machozi. Nilivipenda vyote, na kwa kweli kupenda hakukunisaidia chochote. Ila sheria peke yake ndiyo iliyonifanya nigombane na karatasi, nikatafuta mashahidi, na nilitamani kugombana nayo tena kesho yake. Nikajaza. Nikatuma kabla sijapata akili ya kusita.

Nikampigia mume wangu, simu nimeiweka spika mezani huku nikipaka gundi tasnifu ya binti.

"Nimechagua sheria."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Basi mimi nimekwisha," akasema. "Umenishinda kwa hoja miaka ishirini bila cheti, sasa ukipewa na cheti nitakimbilia wapi?"

Nilitaka kumjibu, jibu nilikuwa nalo. Badala yake nikajikuta nalia kwa furaha, mikono imejaa gundi, nisiweze hata kujifuta.