Niliziosha rupia za shangazi kama karoti, fundi wa Tanga akaniuliza swali moja tu

Wakuu, kwema humu? Leo nimekuja kujianika mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na aibu yote ni yangu.

Shangazi yangu ni mkulima wa chai kule Mponde, milimani Lushoto. Mwaka jana ng'ombe wake wa maziwa alikufa, na tangu hapo akawa na wazo moja tu: kupata mtamba mwenye mimba.

Siku moja akanipigia simu. Alikuwa amefungua sanduku la marehemu babu, akakuta kopo lenye rupia kumi na moja za Mjerumani, nyeusi tii. Mnunuzi mmoja anayezunguka na pikipiki alishamtajia elfu kumi kwa kila moja.

"Nimemkatalia," akasema. "Kitu nisichojua bei yake nitakiuzaje? Wewe umesoma, kaniulizie."

Hapo nilimvulia kofia. Wengi wetu humu tungeshaila hiyo laki na ushee na kusahau.

Mimi msomi sasa. Nikaingia YouTube, nikakuta jamaa anapiga kelele eti sarafu ya kale ni mamilioni. Nikapanda Mponde kifua mbele.

Wakuu, sisi watu wa Lushoto tuna ugonjwa wetu. Karoti haiendi sokoni na udongo. Nimekua nikisugua karoti mtoni mpaka zing'ae, maana chafu dalali haigusi. Basi nikachukua majivu na ndimu, nikazisugua zile rupia zote.

Shangazi akauliza, "Ni lazima?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba bidhaa ni muonekano. Zikawaka kweli, yule mzungu aliyechorwa kwenye sarafu, mwenye kofia ya tai, akaonekana hadi sharubu.

Nikashuka nazo Tanga kwa mzee mmoja fundi saa. Watu wanasema anazijua sarafu kuliko anavyozijua saa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaweka lenzi jichoni. Akazigeuza moja moja. Kisha akauliza, "Nani kaziosha?"

Nikasema mimi. Nilikuwa nasubiri pongezi, jamani.

Mzee akafungua droo, akatoa rupia yake, nyeusi kama zilivyokuwa zetu, akanipa lenzi. Kwenye ile yake manyoya ya tai yalihesabika. Za kwangu zilijaa mikwaruzo.

"Ule weusi ndio uliokuwa unazilinda," akasema. "Mkusanyaji anataka ambayo haijaguswa. Ungeniletea chafu, ningekupa laki na themanini kila moja. Hivi zilivyo ni elfu sitini."

Nikapiga hesabu ya zote kumi na moja: milioni na ushee imeyeyuka.

Akanifundisha bure karibu saa nzima: namna ya kusoma mwaka, kile kiherufi kidogo cha mahali ilipotengenezwa, na jinsi ya kushika sarafu kwa ukingo tu. Fikirieni, angeweza kunyamaza, anipe elfu ishirini, na mimi ningemshukuru. Watu wa namna hii wamebaki wachache. Mungu amtunze.

Sikuuza siku hiyo, maana mali si yangu. Nikarudi Mponde, na njia nzima kichwani ni jambo moja: mtamba wa shangazi nimemsugua kwa majivu.

Nikamweleza yote, hata ile laki na themanini sikuificha. Machozi yakanilenga, mtu mzima mimi. Shangazi akasonya, halafu akacheka. Huyu ndiye aliyenichukua baada ya mama yangu kufariki, nikiwa hata kutembea sijaanza.

"Zikauze hivyo hivyo," akasema. "Tutanunua ndama, tumlee. Kwani wewe nilikupokea mkubwa?"

Nilichukua panga, nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambaye hata hajafika.

Kwa hiyo wakuu, ukiokota sarafu ya kale ndani kwenu, iache na uchafu wake mpaka aione mtu anayejua. Bei ya YouTube waachie YouTube. Na usikubali bei ya kwanza ya mlangoni. Hilo shangazi yangu alilijua bila kusoma popote.

Wenye uzoefu wa kuuza hizi rupia, tupeni maarifa. Na kama nawe uliwahi kuharibu mali ya mkubwa wako ukidhani unaipendezesha, njoo ukae hapa pembeni yangu, nafasi ipo.